West of Zanzibar: Filamu ya 1928 ya Baba, Binti na Kisasi

West of Zanzibar ni filamu bubu ya Kimarekani iliyotolewa na kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer, maarufu kama MGM, mwaka 1928. Iliongozwa na Tod Browning, na mhusika wake mkuu aliigizwa na Lon Chaney. Urefu wake ni saa moja na dakika chache tu. Ni kisa cha mume aliyeibiwa mke, akavunjwa mgongo, kisha akatumia miaka 18 kumlelesha mtoto wa watu kwa nia moja ya kumharibu, bila kujua kwamba mtoto huyo ni damu yake mwenyewe. Sehemu kubwa ya kisa imewekwa katika nchi ya kubuni ya Afrika, mahali fulani bara, magharibi ya kisiwa cha Zanzibar.

Filamu hii isichanganywe na nyingine ya Kiingereza yenye jina hilohilo, iliyoongozwa na Harry Watt na kutolewa mwaka 1954, ambayo inahusu magendo ya pembe za ndovu.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ina mvuto wa aina mbili. Kwanza, ni mfano mzuri wa tamthilia za Hollywood za mwanzo, zilizopenda kuchanganya mambo ya nyumbani, kama ndoa, uzazi na urithi wa damu, na mapenzi yenye hatari. Pili, inatumia jina la kwetu. Ukiisimamisha kando ya nchi halisi iliyoko bara ya Zanzibar, tuseme Shighatini katika milima ya Upare wa Kaskazini, unaona upesi kile ambacho watengenezaji wake waliacha nje: jamaa.

Asili yake

Filamu ilitokana na tamthilia ya jukwaani iitwayo Kongo, iliyoandikwa na Chester De Vonde na Kilbourn Gordon na kuonyeshwa New York mwaka 1926. Mhusika mkuu wa jukwaani aliigizwa na Walter Huston. Tamthilia hiyo ilijaa pombe, umalaya na ukatili, na hayo ndiyo yaliyoipa sifa na lawama kwa wakati mmoja. MGM ilipoichukua, hadithi ilipunguzwa makali na jina likabadilishwa. Kongo ikaondoka kwenye jina, Zanzibar ikaingia.

Wakati huo sinema ilikuwa katikati ya mabadiliko makubwa. The Jazz Singer ya mwaka 1927 ilikuwa imewaonjesha watazamaji filamu yenye sauti za watu, na kampuni zote zilikuwa zikihangaika kubadili mitambo. West of Zanzibar ikatoka ikiwa na mguu mmoja huku na mwingine kule: wahusika hawasikiki wakisema, maneno yao yanasomwa kwenye vibao vya maandishi, lakini ilitolewa pamoja na muziki na milio iliyorekodiwa ili kwenda sambamba na picha.

Muhtasari wa hadithi

Kisa kinaanzia Limehouse, mtaa wa maskini mashariki mwa London. Phroso ni mwanamazingaombwe anayefanya maonyesho na mkewe Anna, ambaye anampenda kupita kiasi. Anna ana mwanamume mwingine, Crane, mfanyabiashara wa pembe za ndovu anayejiandaa kusafiri kwenda Afrika. Crane anamweleza Phroso kwamba anaondoka na mkewe. Wanaume wawili wanashikana, Crane anamsukuma, Phroso anaanguka kutoka ghorofani na kupooza miguu.

Mwaka mmoja baadaye Phroso, ambaye sasa anajikokota juu ya ubao wenye magurudumu, anasikia kwamba Anna amerudi. Anamkuta kanisani amekwisha kufa, na kando yake yuko mtoto mchanga wa kike. Phroso hamuulizi mtu yeyote. Anaamua papo hapo kwamba mtoto ni wa Crane, na anaapa kwamba baba na mtoto watalipa.

Miaka 18 inapita. Phroso sasa anaishi bara, katika kituo cha biashara kilichozungukwa na msitu, na anajulikana kwa jina la kumkejeli, Dead Legs, yaani mwenye miguu iliyokufa. Anawatawala watu wa hapo kwa mazingaombwe yaleyale ya London, na kuiba pembe za Crane kwa kuwatisha wapagazi kwa vinyago na moto. Binti, anayeitwa Maizie, amemlipia akulie katika danguro la Zanzibar. Wakati ukifika anamwita kituoni, anamnywesha pombe, anamdhalilisha mbele ya watu, na kungoja siku ya kumwonyesha Crane kile alichomfanyia mwanawe.

Kituoni yupo pia daktari mlevi, anayeitwa Doc tu. Huyu anampenda Maizie, na penzi lao linaanza katika nyumba ambayo mwenyewe hataki mtu apendwe. Ndiyo sehemu ya mapenzi katika filamu hii, na hatari yake si wivu wa kawaida. Doc anamtegemea Phroso kwa pombe na chakula, na kila hatua anayopiga kumsogelea binti ni kumwasi mwenye nyumba.

Crane anapofika, Phroso anamwonyesha binti na kumwambia kwamba huyo ni mwanawe. Crane anacheka. Anna hakuwahi kuishi naye. Baada ya kuona alivyomfanyia mumewe, alimchukia na kumwacha. Mtoto ni wa Phroso. Lakini mtego umekwisha kutegwa: Crane anauawa kama ilivyopangwa, na kwa desturi ambayo filamu inawapa wenyeji, mwanamume akifa, mkewe au binti yake huchomwa moto pamoja na maiti yake. Phroso mwenyewe ndiye aliyewaambia kwamba Maizie ni binti wa Crane.

Kinachobaki ni mazingaombwe. Phroso anamwingiza binti ndani ya jeneza la kiinimacho, Maizie na Doc wanatoroka kwa njia ya siri, na jeneza linapofunguliwa wenyeji wanaonyeshwa mifupa. Hawadanganyiki. Phroso anakufa badala ya binti yake, naye binti anaondoka bila kuambiwa kwamba yule mtesaji ndiye baba yake.

Watengenezaji na waigizaji

Tod Browning, aliyezaliwa mwaka 1880 na kufariki mwaka 1962, alikuwa amefanya kazi katika maonyesho ya kusafiri ya sarakasi kabla ya kuingia kwenye filamu. Ulimwengu huo wa viinimacho, walemavu na watu wa pembezoni ulibaki katika kazi zake nyingi. Baadaye aliongoza Dracula mwaka 1931 na Freaks mwaka 1932. Pamoja na Lon Chaney alifanya filamu kumi, na West of Zanzibar ni ya tisa. Ya kumi na ya mwisho, Where East Is East, ilitoka mwaka 1929.

Lon Chaney alizaliwa mwaka 1883, mtoto wa wazazi wote wawili viziwi. Tangu utotoni alizungumza nao kwa mikono na uso, na ustadi huo ndio uliomfanya awe mmoja wa waigizaji wakubwa wa enzi ya filamu bubu. Alifariki mwaka 1930.

Crane aliigizwa na Lionel Barrymore, wa ukoo mashuhuri wa waigizaji wa Marekani. Maizie aliigizwa na Mary Nolan. Doc aliigizwa na Warner Baxter, ambaye muda mfupi baadaye alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora kwa filamu ya In Old Arizona.

Jeneza, jukwaa na sakafu

Kiinimacho kinachofungua filamu kinastahili kutazamwa kwa makini, maana ndicho ufunguo wa kila kinachofuata. Jeneza limesimamishwa wima jukwaani. Linafunguliwa, ndani mna mifupa ya mtu. Linafungwa, linafunguliwa tena, na mahali pa mifupa amesimama Anna, mzima, mzuri, amevalia nguo ya kung'aa. Watazamaji wanapiga makofi. Siri yake ni ukuta wa nyuma unaozunguka: mifupa inageukia upande mmoja, mke anageukia upande wa pili. Mwishoni mwa filamu jeneza lilelile linageuzwa kinyume. Anaingia binti hai, inatoka mifupa. Browning anatumia kifaa kimoja kuonyesha ndoa mwanzoni na malipo ya dhambi mwishoni.

Jambo la pili ni namna Chaney anavyotumia sakafu. Baada ya ajali, mwili wake wa chini haupo. Anajivuta kwa viganja, anavuta miguu kama mzigo wa mtu mwingine. Kamera humfuata chini. Halafu, Crane anapocheka na ukweli kujulikana, Chaney anauachia uso wake kazi yote.  Filamu bubu haina njia ya kumpa kilio, naye hakihitaji.

Familia isiyo na jamaa

Wachambuzi wengi huiweka filamu hii katika fungu la hadithi za kisasi au za kutisha. Kiini chake, hata hivyo, ni swali la kifamilia, na la kawaida kabisa: mtoto huyu ni wa nani?

Waswahili wana jibu la zamani: kitanda hakizai haramu. Mtoto aliyezaliwa katika ndoa ni wa mwenye ndoa, na maneno yaishe. Methali hiyo inafunga mlango ambao Phroso aliuacha wazi miaka 18, mlango wa mume kukaa peke yake na shaka yake hadi imle.

Kwa Wapare, kama kwa majirani zao wengi, mtoto ni wa ukoo kabla ya kuwa wa mtu mmoja. Mwanamke akirudi na mtoto, au akifa na kumwacha, jambo hilo haliishii kwa mume. Lina wazee wa ukoo wa mume na wa mke, lina mjomba, lina shangazi ambaye kazi yake ni kuuliza maswali ambayo wengine wanaona haya kuyauliza. Mume anaweza kukasirika apendavyo, lakini kabla hajafanya lolote ataitwa, ataketishwa, na mtu atamuuliza: nani alikwambia?

Filamu nzima haina shangazi hata mmoja. Phroso hana ndugu, Anna hana kwao, Crane hana mke wala wazazi, Doc hana historia. Maizie analelewa na watu waliolipwa. Ndiyo sababu uongo mmoja unaweza kuishi miaka 18 bila kusahihishwa. Swali moja tu lingetosha kuumaliza, na mtu pekee aliyekuwa na jibu ni yuleyule ambaye Phroso alikuwa akimtegea mtego wa kumuua. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Phroso alikichimba kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumnyang'anya jembe.

Hata mapenzi ya Doc na Maizie ni ya hatari kwa sababu hiyohiyo. Hakuna wa kupeleka posa wala wa kuipokea. Mwenye mamlaka juu ya binti ni adui yake, na mchumba ni mfungwa wa nyumba hiyo. Njia pekee iliyobaki ni kutoroka usiku.

Afrika ya studio

Hakuna picha ya filamu hii iliyopigwa Afrika. Msitu, mto na nyumba za makuti vilijengwa katika studio za MGM huko Culver City, California, na wenyeji waliigizwa na watu waliopatikana hukohuko. Kazi ya Afrika hii ni moja: kuwapeleka wahusika mahali ambapo hawana majirani, sheria wala ndugu. Kwa kuwa hapakuwa na nchi ya namna hiyo, ilibidi itengenezwe.

Kwa kweli nchi iliyoko bara ya Zanzibar mwaka 1928 ilikuwa na majirani tele. Shighatini ipo Usangi, upande wa kaskazini magharibi ukitazama kutoka kisiwani. Siku hizi ni sehemu ya Wilaya ya Mwanga, iliyotengwa na Wilaya ya Pare yenye makao Same mwaka 1979. Wamisionari Walutheri wa Leipzig walianzisha kituo hapo mwaka 1900. Chini ya milima, reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Mzungu wa mwaka 1928 aliyetaka kwenda bara alikata tiketi.

Biashara ya pembe ndiyo sehemu ya filamu iliyo karibu zaidi na ukweli, ingawa imechelewa kwa kizazi kizima. Katika karne ya 19 misafara iliondoka Pangani, ikafuata bonde la mto hadi chini ya milima ya Upare, kisha ikaendelea kuelekea Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Njia hiyo ilileta nguo, shanga na bunduki, ikachukua pembe na watumwa, na ikavuruga tawala za milimani. Mwanahistoria Isaria Kimambo ameyaeleza hayo katika kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare, kilichochapishwa mwaka 1969. Wapagazi wa misafara hiyo hawakuwa watu wa kukimbizwa na kinyago. Walikuwa wafanyakazi wenye ujuzi, waliojadiliana ujira, wakadai posho, na waliponyimwa wakagoma au kutua mizigo njiani.

Desturi ya kumchoma binti na maiti ya baba yake ni ya kubuni kabisa. Inafanana zaidi na habari za Wahindi wa kale, zilizosomwa sana Ulaya, kuliko na jambo lolote la bara hili, na uchawi ambao filamu inauita voodoo ni wa Haiti na Afrika Magharibi. Wapare walizika. Kwa wazee, baada ya muda fuvu lilifukuliwa na kuhifadhiwa mahali pa heshima, katika mapango au misitu ya ukoo, na mapango ya mafuvu ya Usangi bado yanajulikana hadi leo. Maana yake ni kinyume cha moto wa Hollywood: marehemu anabaki katika familia, anakumbukwa kwa ukoo wake, na walio hai wanajua wanatoka kwa nani.

Na Zanzibar yenyewe, ambayo katika filamu ni danguro na kilabu cha pombe tu, ilikuwa mji uliokwisha kuwa na sinema yake ya fahari. Royal, iliyojengwa na mfanyabiashara Hassanali Adamjee Jariwalla kwa ramani ya John Sinclair, ilifunguliwa Mjini mwaka 1921. Wakati Hollywood inachora Zanzibar ya kutisha, Wazanzibari walikuwa wakikata tiketi kuitazama Hollywood.

Filamu ndugu na udhibiti

MGM iliirudia hadithi hiyo mwaka 1932, safari hii kwa sauti na kwa jina la awali, Kongo. Iliongozwa na William Cowen, Walter Huston akarudi katika nafasi aliyoianzisha jukwaani, pamoja na Lupe Vélez, Virginia Bruce na Conrad Nagel. Ni kali kuliko ile ya kwanza. Mateso ya binti na ulevi wa daktari vinaonyeshwa waziwazi. Miaka miwili baadaye isingewezekana: kanuni za maadili za filamu za Marekani, zilizoandikwa mwaka 1930, zilianza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, na hadithi za namna hii zikapunguzwa makali au kuachwa.

Kati ya filamu hizo mbili, MGM hiyohiyo ilimtuma mwongozaji W. S. Van Dyke Afrika Mashariki mwaka 1929 kupiga picha za Trader Horn, iliyotoka mwaka 1931. Safari hii mandhari yalikuwa ya kweli, na Mkenya Mutia Omoolu akapata nafasi kubwa. Hata hivyo, katikati ya kisa yupo tena binti mweupe aliyelelewa mbali na wazazi wake, akisubiri kuokolewa na mapenzi.

Serikali za kikoloni na wamisionari walikuwa na hofu juu ya yale ambayo Waafrika wangejifunza kuhusu Wazungu kutokana na filamu za aina hii. Kutokana na hofu hiyo, miongoni mwa sababu nyingine, uliendeshwa mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment kati ya 1935 na 1937, kwa fedha za Carnegie Corporation ya New York. Makao yake yalikuwa Vugiri katika milima ya Usambara, jirani wa Upare ng'ambo ya bonde la Mkomazi. Chini ya Meja L. A. Notcutt, mradi ulitengeneza filamu 35 kuhusu kodi, minyoo, kahawa, benki ya posta na hata sungura na chui. Zilikuwa filamu za kufundisha, na mapenzi hayakupewa nafasi kubwa.

Tamthilia za familia kwa Kiswahili zilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg ilipotengeneza filamu Tanganyika, zikiwamo Muhogo Mchungu na Dawa ya Mapenzi. Mwigizaji wake mashuhuri alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Humo tayari mashangazi na majirani wamerudi. Ndio wanaoonya, wanaosengenya, wanaomkaribisha au kumfukuza mgeni, na tangu hapo hawakuondoka tena katika filamu zetu hadi Bongo Movie.

Hali yake leo

Nakala ya West of Zanzibar imehifadhiwa na kuuzwa katika diski. Tangu tarehe 1 Januari 2024 filamu hiyo haina tena ulinzi wa hakimiliki nchini Marekani, kama kazi nyingine zilizotolewa huko mwaka 1928. Kwa kuwa ni filamu bubu, ni rahisi kuiandalia vibao vya Kiswahili, au kumpa msimulizi afanye kazi ambayo Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya wamezizoeza hadhira zao: kuieleza filamu ya kigeni papo hapo, kuitania na kuibishia.

Msimulizi wa namna hiyo akiwa mbele ya watazamaji wa Usangi atakuwa na kazi ngumu mahali pawili. Pa kwanza ni kwenye moto, ambapo atalazimika kuwaambia kwamba hao wanaoitwa wenyeji ni wa California. Pa pili ni kanisani, Phroso anapomtazama mtoto na kuamua peke yake. Hapo ndipo ukumbini watu watakapoanza kumpigia kelele aulize kwanza, na hakuna kibao cha maandishi katika filamu nzima kinachoweza kuwajibu.